Yupi Achinjwe

Katika nyumba inayofuga kuku, uamuzi mzito hupitishwa jioni, kuku wanapopanda kulala. Mama mwenye nyumba husimama mlangoni mwa banda, akawatazama mmoja mmoja wakigombea nafasi juu ya fito, na anachotafuta ni jibu la swali moja: kesho tunachinja yupi? Kisu ni cha asubuhi. Kamba ya mguuni itafungwa baadaye kidogo, giza likishaingia, maana kuku anayeshikwa usiku hakimbizwi uani wala hapandwi na joto la hofu. Lakini hukumu imekwishatoka pale mlangoni, na imetolewa na mtu anayemjua kila aliyemo ndani.

Wengi wanaozungumzia kufuga kuku na kumchinja kwa mkono wako mwenyewe huanzia kwenye damu. Utaweza kweli? Mkono hautatetemeka? Nimekulia Muheza, kwenye nyumba ambayo kuku waligawana ua na michungwa. Nimewafuga, nimewachinja, na ninasema kwamba damu ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Uzito uko katika kuchagua. Anayefuga hana budi kuchagua, anayechagua hana budi kuwa na sababu, na mwenye sababu hula kwa kiasi na kwa adabu. Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari, hasa sisi tuliohamia mjini na kuzoea kumkuta kuku akiwa ameshakatwa vipande.

Kuku hachaguliwi ovyo. Koo anayetaga haguswi. Koo anayeatamia ndiyo kabisa, hata angekuja mgeni wa heshima kiasi gani. Tetea aliyekaribia kuanza kutaga huachwa, kwa kuwa faida yake yote iko mbele. Jogoo mkubwa naye huachwa, yule anayewika wa kwanza na ambaye akiona punje huwaita wenzake kabla hajaila. Bila yeye mayai yatakuwepo lakini hayatatotoa. Wanaobaki ni mapora waliozidi, ambao wameanza kupigana na kuwasumbua matetea, na koo mzee aliyekwishaacha kutaga. Tukimuuliza bibi yetu, "Bibi, kwa nini yule mwekundu?" alikuwa akijibu bila kusita: "Mjukuu wangu, huyo ameshamaliza kazi yake hapa. Iliyobaki ni ya chunguni."

Ili uweze kusema hivyo lazima uwe umewajua, na kumjua kuku huanzia mbali. Huanzia kwenye umbo: kuchi mwenye miguu mirefu na kifua kipana, anayesifika Tanga na visiwani, kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu ambaye manyoya yake yamepinda kuelekea nyuma. Kisha hufuata tabia. Yupi hutaga porini na lazima afuatiliwe, yupi huacha mayai yake kabla hayajatimia, yupi ni mama hodari wa kumkabili hata paka. Kwa siku 21 koo hukaa juu ya mayai, akitoka mara chache tu kula na kunywa na kurudi kabla hayajapoa. Akitotoa, kazi ya nyumba nzima huongezeka. Watoto hutumwa kichuguuni, huvunja pande la udongo na kuwakung'utia vifaranga mchwa. Machicha ya nazi hayatupwi tena, wala chenga za mchele, wala pumba. Mwewe huanza kuzunguka juu ya michungwa, nguchiro huvizia mchana, kicheche huja usiku.

Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Kwa hiyo anayemfuga ndiye anayepaswa kujibu dua hiyo, kwa tenga la kuwafunikia vifaranga, kwa banda lisilo na tundu, kwa sauti ya kumfukuza mwewe kabla hajashuka. Na adui mkubwa kuliko mwewe haonekani. Ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku husinzia, huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na banda lililokuwa limejaa Jumatatu linaweza kuwa tupu kabla ya Ijumaa. Dhidi ya mdondo hakuna tiba. Kuna kinga tu. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, inatengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na sifa yake kubwa ni kustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, jambo la maana sana kwa vijiji visivyo na friji. Hutolewa kila baada ya miezi mitatu. Mmoja humshika kuku na kumlaza ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine hushika kichupa wima na kudondosha tone moja. Wote wawili husubiri kuku apepese ili dawa ienee jichoni, ndipo huachiwa, akajikung'uta na kwenda zake.

Ninalitaja tone hilo kwa sababu linatangulia kisu. Aliyemfungia kuku banda, akamtafutia mchwa, akamshika na kumchanja, ana haki ya kuamua siku yake. Asiyejishughulisha na uhai wa kuku ana haki ndogo sana juu ya kifo chake.

Baada ya kujua huja sababu. Kuku wa nyumbani hafi kwa hamu tupu. Hufa kwa sababu mkwe amefika, au mtoto amefaulu, au ni Idi, au ni Krismasi. Hufa kwa ajili ya mzazi aliyetoka kujifungua, ambaye supu yake yenye tangawizi na pilipili manga huandaliwa na mama yake au mama mkwe hata kama nyumba nzima inalala na ugali na mchicha. Hufa kwa ajili ya mgonjwa. Siku nyingine haendi chunguni kabisa. Anabebwa sokoni na kurudi akiwa daftari, sare au dawa. Kwa familia nyingi za vijijini kuku ni akiba inayotembea uani, na kila anayechinjwa ametolewa kwenye akiba hiyo. Ndiyo maana watu huhesabu kwanza.

Mazoea haya ni ya kale kwetu. Mifupa ya kuku imefukuliwa Unguja Ukuu, kwenye mabaki ya makazi ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mnyama huyu ambaye asili yake ni Asia alishafika pwani yetu kwa njia ya biashara ya bahari, akawa sehemu ya nyumba kabla ya muhogo na mahindi tunayomlisha leo.

Lakini si kila sababu iliyorithiwa ni ya haki, na anayependa jambo hili lazima aseme ukweli wake wote. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayefuga, anayetoa chanjo, anayepika. Kisha firigisi, kipande kinachopewa heshima kuliko vyote, hutengwa kwa ajili ya baba, na mama huishia kwenye shingo na mgongo. Kule Buganda zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, ingawa yeye ndiye aliyefunga luwombo, yaani kitoweo kinachofungwa kwenye jani la mgomba, na kuipika kwa mvuke kwa ajili ya mume. Mimi nadhani adabu ya kweli ya kitoweo ingeanzia kwa aliyekilea. Ikiwa firigisi ni heshima, basi na apewe aliyeamka alfajiri kufungua banda. Kubadili mgawanyo huo hakuvunji mila, kunaitengeneza.

Sasa kisu. Hunolewa mapema, na hunolewa mbali. Adabu ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayofuatwa katika sehemu kubwa ya pwani, haipendi mnyama aonyeshwe kisu kinaponolewa, wala achinjwe mmoja mbele ya macho ya mwenzake. Katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyiko wa Imam Muslim, Mtume anamwagiza mchinjaji anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Agizo hilo ni la vitendo kabisa: kisu butu hukereza, kisu kikali hupita.

Kuku hulazwa ubavu, ameelekezwa kibla, mbawa zimeshikwa pamoja na miguu imeshikwa pamoja. Manyoya machache ya kooni hunyofolewa ili ngozi ionekane. Jina la Mwenyezi Mungu hutajwa. Kisu hupita, hukata koromeo, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili, kisha huishia hapo bila kufika kwenye uti wa mgongo. Damu hutoka kwa nguvu, halafu kidogo kidogo. Kuku haachiwi arukeruke. Hushikiliwa mpaka mwili utulie, na hatiwi kwenye maji ya moto kabla ya hapo. Bibi hakuruhusu mtu acheke wala apige soga wakati huo. Hakuwa na hotuba ndefu juu yake. Alisema tu kwamba kitu kilichokupa mayai hakistahili kufa katikati ya mzaha.

Kuna jambo jingine katika kisu hiki ambalo tunalichukulia kwa wepesi mno. Katika mitaa yetu mingi nyumba ya Kikristo humwita jirani Mwislamu aje kuchinja, ili atakayekaribishwa asiulize maswali mbele ya sahani. Sheria haimlazimishi mtu kufanya hivyo, ni ujirani. Na ujirani huvunjika. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro juu ya nani ana haki ya kuchinja uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Tangu hapo, kila ninapomwona kijana akitumwa kwa jirani, "Shikamoo baba, mama anaomba uje utuchinjie," nauona ukubwa wa kitu kidogo hicho. Nyumba moja inaikabidhi nyumba nyingine kitoweo chake na imani yake kwa pamoja.

Kazi inayofuata ni ndefu kuliko ya kisu. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto bila kuchemka: yakichemka ngozi huiva na kuchanika, yakiwa vuguvugu manyoya hayang'oki. Kuku huzamishwa, hugeuzwa, kisha hujaribiwa unyoya mmoja wa bawa. Ukitoka bila kuvutana, yuko tayari. Vinyoya vinavyosalia hubabuliwa juu ya moto wa makuti. Anapopasuliwa, nyongo hutolewa taratibu pamoja na kipande kidogo cha ini, maana ikipasuka hutia uchungu nyama yote. Firigisi hukatwa katikati, humwagwa mchanga, punje na vijiwe vilivyomo, na ngozi yake ya ndani ya manjano humenywa. Na kama aliyechinjwa ni koo, karibu na uti wa mgongo unaweza kukuta viini vya mayai ambayo hayajatagwa: kimoja kikubwa ambacho kingekuwa yai la kesho, kingine kidogo chake, na vingine vinavyozidi kupungua mpaka vile vidogo kama mbegu za ulezi.

Hapo ndipo hukumu ya jioni hukaguliwa. Mwenye nyumba akivikuta viini vikubwa vimepangana, anajua amechinja mapema. Akikuta hakuna kitu, anajua alichagua sawa. Sijui shughuli nyingine ya jikoni ambayo humpa mtu jibu la wazi namna hiyo kuhusu uamuzi wake, na humpa jibu hilo mikononi mwake mwenyewe. Viini hivyo havitupwi. Huingia kwenye mchuzi, na mara nyingi ni fungu la watoto.

Kuku wa kienyeji hapikwi kwa haraka. Huchemshwa kwanza kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka nyama ilainike, na supu yake haimwagwi. Kwetu pwani hufuata nazi: tui la pili kwanza, tui zito mwishoni, ndimu ikisubiri pembeni. Wengine humbanika juu ya makaa kisha wakamrudisha kwenye mchuzi mzito wa nazi, ndiye kuku wa kupaka. Miguu huchunwa ngozi kwa moto, utumbo huoshwa na kukaangwa, kichwa hakikosi mwenyewe. Kuku mmoja hutosha watu wengi, kwa kuwa hakuna aliyeketi pale kwa ajili ya kushiba nyama. Wanashiba wali au ugali, na kuku hutia ladha na maana. Aliyemlea kwa miezi hawezi kuacha paja nusu kwenye sahani.

Mjini mambo ni mengine. Kuku wa kisasa hufikia umri wa kuchinjwa wiki ya tano au ya sita. Wa kienyeji huhitaji miezi sita, wakati mwingine zaidi. Sina ugomvi na kuku wa kisasa. Amewapa watu wa kipato kidogo nyama wasiyoweza kuipata kwa njia nyingine, na amewapa riziki vijana na akina mama wengi wanaofuga nyuma ya nyumba zao. Ninachokiona kimepotea ni mchaguaji. Wanaingia pamoja wakiwa vifaranga, wanatoka pamoja wiki moja, na hakuna aliyesimama mlangoni akauliza yupi na kwa nini. Sababu ya kifo chao ni tarehe. Nasi tunaokula chipsi kuku usiku hatuulizi, kwa sababu hatukuachiwa chochote cha kuuliza. Hata pale Shekilango, Dar es Salaam, wanakoshushwa kuku wa kienyeji wa mikoani ndani ya matenga, mnunuzi bado anachagua kidogo: anapapasa kifua, anatazama macho, anampima mkononi. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu ni mgeni kwako kabisa. Unachojua ni uzito na bei.

Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto mpakani Namanga. Serikali ilieleza hoja yake: waliingizwa kinyume cha sheria, na kulikuwa na hofu ya magonjwa kama mafua ya ndege. Hata hivyo watu wengi waliumia, wakiwemo wasiowahi kufuga hata kuku mmoja. Nimefikiri sana juu ya maumivu yale. Nadhani kilichowachoma watu ni kuona uhai ukimalizwa pasipo mgeni, pasipo mgonjwa, pasipo sikukuu, pasipo chungu. Ndani yetu bado tunajua kwamba kuku afe kwa sababu. Tumesahau tu kuiuliza siku za kawaida.

Wazazi wenzangu wa mjini huuliza kama mtoto aonyeshwe. Jibu langu ni kwamba asifichwe na asilazimishwe. Mtoto aliyemlea kifaranga na kumpa jina ataumia, na maumivu hayo ni ya kweli. Asichekwe kwa ajili yake wala asiambiwe kwamba kuku amesafiri. Aambiwe ni nani, kwa nini ni yeye, na nani atakula. Akitaka kushika mbawa, azishike. Akitaka kukaa ndani, akae. Asipotaka kula siku hiyo, aheshimiwe. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, lakini mwana wa mtu hufunzwa kila kitu, na kutouchezea uhai wa wengine ni katika mafunzo ya mwanzo.

Kwa hiyo nawasihi wenye ua, hata ule mdogo wa nyuma ya jiko: fugeni matetea machache na jogoo mmoja mzuri. Jengeni banda lisilo na tundu, wachanjeni kila miezi mitatu, wajueni mmoja mmoja. Wala msiwe na haraka ya kuchinja. Asiye na ua anaweza kupunguza mara za kula kuku na, siku anapomhitaji, kumnunua mzima, akamchagua kwa macho yake, akampika nyumbani na kumla wote na watu wake, kuanzia firigisi mpaka miguu. Na yeyote asiyeweza kutaja sababu ya kuchinja leo, apike maharage. Maharage ni chakula kizuri, na kuku atakuwepo siku sababu itakapofika.